Wenzangu kila wikendi wako safarini, mimi nimebaki chumbani Leipzig

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Machame, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha hapo nyumbani. Mwezi wa nne nilikuja Leipzig, Ujerumani, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Tuko Watanzania wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, na tulifika siku moja kwa ndege moja. Masomo yanaisha katikati ya mwezi wa saba. Nimebakiwa na wiki tisa, ndiyo maana nimeona nikuandikie sasa.

Tatizo langu ni wikendi. Wenzangu watatu kila Ijumaa wanafunga mabegi. Wameshakwenda Vienna, wameshakwenda Amsterdam, wanapanda basi la usiku, wanalala kwenye kiti, wanazunguka, Jumapili usiku wanarudi. Safari ya kwanza, ya Prague, nilikwenda nao. Nilitumia euro 140 kwa siku mbili. Nikijiuliza niliona nini, nakumbuka daraja lililojaa watu, sisi tukisubiri zamu ya kupiga picha, na choo cha kulipia pale kituo cha basi. Wakati wa kurudi polisi waliingia kwenye basi mpakani. Mwenzetu mmoja alikuwa na picha tu ya pasipoti kwenye simu. Wakamshusha, basi likaondoka bila yeye, akafika Leipzig kesho yake mchana. Sisi tulifika saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Saa tatu asubuhi nilitakiwa kuwasilisha kazi ya kikundi mbele ya darasa. Niliamka saa nne. Mwalimu hakunigombeza, aliniambia tu kwamba wenzangu walinisubiri, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Tangu hapo nimeacha kwenda. Posho yangu ni euro 850 kwa mwezi. Chumba 310, bima 145, chakula 180, simu 15, na 100 natuma nyumbani kwa sababu mdogo wangu yuko kidato cha tatu shule ya binafsi. Inabaki 100. Kwenye kundi letu la WhatsApp sasa naitwa Mkono wa Birika. Wanasema ni utani. Wananiambia pia mtembea bure si sawa na mkaa bure, nitarudi nyumbani nikiulizwa Ulaya ikoje nieleze kuta za hosteli. Wikendi ya Pentekoste wanakwenda Paris siku nne, na rafiki yangu wa kike amesema atanikopesha euro 250 nimlipe kidogo kidogo. Ananisubiri nijibu.

Huko nyumbani nako kumechafuka. Binamu yangu aliweka picha za Prague kwenye status, mimi nimo, nacheka, nimeshika ice cream. Mama akaiona. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, niliuza kuku na mikungu ya ndizi ukapata nauli ya kwenda Dar kushughulikia viza, kumbe umeenda kutembea?" Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi. Sijamjibu, hii ni wiki ya tatu, namtumia tu pesa na salamu.

Kwa hiyo wikendi nakaa ndani. Nalala, naangalia simu, nakula wali. Peke yangu naogopa kutoka, maana siku moja kwenye tramu mzee mmoja alininong'onea maneno ambayo sikuyaelewa lakini sauti yake niliielewa. Mwenzangu mmoja wa darasani, Mjerumani, aliwahi kunialika Jumapili bustanini kwa bibi yake, mzaliwa wa hapa hapa mjini, ninywe kahawa na keki. Nilimwambia nina kazi. Kijerumani changu ni cha kununulia mkate, na sikujua mtu anakwenda na nini. Amenialika tena, nimesema nitaona. Hata kahawa aliyonifungia mama kwenye begi, ya shambani kwetu, sijaifungua, nikiitazama nalia.

Shangazi, niende Paris? Au nikubali kwamba mimi nilikuja kusoma tu?

Binti wa Machame

—

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama mahali ulipopapita mbio: bibi na bustani yake. Wenzako wamelipia mabasi ya usiku kuzifuata nchi tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyefunguliwa mlango na mwenyeji. Wewe umefunguliwa mara mbili. Nitaanzia hapo, Paris itasubiri.

Bustani hizo ndogo zenye uzio na kibanda, ambazo bila shaka umeziona ukipita na tramu, Leipzig ndiko kwao hasa. Chama cha kwanza kilichobeba jina la daktari Schreber kilianzishwa mjini hapo mwaka 1864. Mwanzoni kilikuwa kiwanja cha watoto kuchezea, vitalu vya familia vikafuata, na leo Ujerumani nzima watu huziita bustani hizo kwa jina la daktari huyo wa Leipzig. Mtu anayeishi ghorofani, asiye na hata sufuria ya udongo, hapo ndipo anapopanda viazi, maua na miti ya matofaa. Wewe umekulia kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa. Unajua maana ya kipande cha ardhi kilichopandwa na mikono ya watu unaowafahamu, mti huu wa babu, ule wa shangazi. Kati ya Watanzania wote wanne mlioko huko, ni wewe utakayeingia bustani ile na kuielewa kabla hujaambiwa neno.

Halafu mfikirie bibi mwenyewe. Kama mjukuu wake ni rika lako, basi mwaka 1989 alikuwa mtu mzima, na Leipzig ya mwaka huo ilikuwa Ujerumani Mashariki. Tarehe 9 Oktoba watu kama 70,000 walitoka makanisani na majumbani, wakatembea kuuzunguka mji kwa miguu kudai mabadiliko, askari wakiwa wamejipanga na kila mtu akitegemea risasi. Risasi hazikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambako sala za Jumatatu zilikuwa zikifanyika, liko katikati ya mji na nadhani unalipita ukienda darasani. Kahawa ikishanywewa na watu wamezoeana, mwombe mwenzako akuulizie bibi yake usiku ule alikuwa wapi. Labda alikuwa barabarani. Labda alijifungia ndani kwa hofu, na hilo nalo lina hadithi yake. Jibu atakalokupa hulipati Vienna wala Amsterdam.

Nakusisitizia hili kwa sababu linanihusu. Mwaka 1994 nilipelekwa kozi ya miezi minane Uholanzi. Nilibana kila senti, nikarudi na jokofu na cherehani, na nyumbani nikapokewa kwa vigelegele. Mama mmoja wa ghorofa ya chini alinikaribisha kwake mara tatu, nami mara tatu nikasema nina kazi, neno lile lile ulilosema wewe. Jokofu lilikufa zamani. Mama yule simkumbuki hata jina, na ndani kwake sijui kulikuwaje. Ningeweza kurudisha siku moja tu ya miezi ile, ningerudisha ile.

Sasa Paris. Usiende, na mwambie rafiki yako leo, kabla hajakukatia tiketi. Paris ni mji mzuri, sina neno nao. Kinachonitisha ni hesabu uliyoandika kwa mkono wako: kinachobaki kwa mwezi ni euro 100, na deni ni 250. Utalilipa na nini kabla hujapanda ndege ya kurudi? Utalilipa na ile 100 ya mdogo wako, au na chakula chako. Tena utakuwa na deni kwa mtu mnayepishana jikoni kila siku, na utani wa mkono wa birika hautaisha, utabadilika jina tu. Mwambie ana kwa ana, msiandikiane kwenye kundi: "Dada, nakushukuru kwa moyo wako, ila sikopi kwa ajili ya safari. Mkirudi nataka kusikia yote." Papo hapo mwambie kwamba jina lile linakuumiza. Inawezekana kabisa hajui. Kwenye simu kila kitu huonekana kicheko.

Kwa mama yako, wiki tatu ni nyingi mno. Pesa unayotuma bila sauti yako inamwambia kwamba umekasirika, au una hatia. Mpigie. Na ukimpigia usianze kujitetea, mpe hesabu kama ulivyonipa mimi, chumba kiasi gani, bima kiasi gani, mpaka ile 100 ya mwisho. Mama aliyeuza kuku na mikungu ya ndizi anajua hesabu kuliko sisi wote; hajawahi kupewa hizi, alipewa picha ya ice cream. Mwambie ulikwenda Prague, ulitumia 140, ulikosa wasilisho, na hutarudia. Aumie siku moja, akuamini miezi yote iliyobaki. Akimaliza kusema yaliyo moyoni mwake, mwambie kuna safari moja ungependa mwende pamoja, yeye akiwa Machame na wewe uko huko.

Safari hiyo ni ya Wittenberg, mji wa Martin Luther. Sijui nyumbani kwenu mnasali wapi, ila Machame ninayoijua mimi Walutheri ni wengi, na sababu yake inaanzia huko huko ulipo. Wamisionari walioanza kazi Machame mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig. Nyumba ya misioni hiyo bado iko mjini, na uhusiano wao na KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, unaendelea hadi leo. Umekaa mwezi na zaidi katika mji ulioandikwa kwenye historia ya kanisa la kijijini kwenu, na nina wasiwasi kwamba hakuna aliyekuambia. Kutoka Leipzig, treni ya S2 inakufikisha Wittenberg kwa kama saa moja na kidogo. Ukifika, nenda Kanisa la Ngome. Milango ya mbao ambako inasemekana Martin Luther aligongomea hoja zake 95, tarehe 31 Oktoba 1517, iliungua mwaka 1760. Iliyopo sasa ni ya shaba nyeusi, iliwekwa mwaka 1858, na hoja zote 95 zimechongwa juu yake kwa Kilatini, herufi ndogo ndogo kutoka juu hadi chini. Luther mwenyewe kazikwa mle ndani. Simama mbele ya mlango, mpigie mama kwa video, pitisha simu polepole kwenye yale maandishi. Usiseme mengi. Picha hiyo ataiweka yeye mwenyewe kwenye status.

Nauli, angalia kwanza kadi yako ya mwanafunzi. Vyuo vingi vya Ujerumani siku hizi vinachanganya tiketi ya nchi nzima kwenye ada ya muhula, na kuna wanafunzi wageni wanaokaa miezi na tiketi hiyo mfukoni wakidhani ni ya tramu tu. Kama chuo chenu hakina, Deutschlandticket ya kawaida tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, na inakubeba kwenye tramu, mabasi ya mjini, S-Bahn (treni za mjini na vitongoji) na treni za mikoani Ujerumani nzima. Treni za mwendo kasi, zile zilizoandikwa ICE na IC, haihusiki nazo, ukiipanda moja kwa makosa utalipa faini. Ya kila mwezi hujirudia yenyewe mpaka uisitishe, kwa hiyo ukiinunua kwa mwezi mmoja andika tarehe ya kuisitisha mahali utakapoiona.

Kwa tiketi hiyo hiyo unafika Berlin, kama saa tatu hivi kwa kubadilisha treni. Toka asubuhi na mapema, rudi jioni, hulipii kitanda. Siku hiyo ya Berlin ningeipanga hivi, na nisamehe kwa kukupangia, lakini mambo haya yananigusa. Nenda kwanza Makumbusho ya Viumbe Asilia. Ukumbi wa kuingilia umesimama mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, urefu wake kwenda juu ni mita 13 na zaidi, shingo inakaribia dari la vioo. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Waliochimba na kubeba mifupa ile kwa vichwa na mabega, siku kadhaa za kutembea mpaka bandari ya Lindi, ni watu wetu. Dunia nzima inakuja kumtazama. Wewe utamtazama ukijua barabara aliyopita.

Kutoka hapo shuka Neukölln, utafute mtaa unaoitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck ni binti wa Moshi, alizaliwa Njia Panda mwaka 1934, akawa naibu waziri, mwanamke wa kwanza kuingia katika serikali ya nchi yetu kwa ngazi hiyo. Mpaka mwaka 2021 mtaa huo uliitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, yule aliyetumwa kuwavunja watu wa pwani waliopigana chini ya Abushiri. Jina lake liliondolewa, la binti wa Kilimanjaro likawekwa. Ni mtaa wa kawaida tu, watu wanapita na baiskeli na mifuko ya mboga. Lakini kibao chenye jina lake ukikiona, simama chini yake, upigwe picha hapo. Ukiwa na muda, upande wa kaskazini, Wedding, kuna Maji-Maji-Allee, iliyopewa jina hilo mwaka 2024.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki ulikute bila kuandaliwa. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na kwao wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Kinatafutwa hadi leo. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba wa mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin uliunganisha baadhi yake na ndugu walio hai Tanzania. Mwaka huo huo, Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Na Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889 na kushuka na jiwe alilompelekea Kaiser, likawekwa ikulu ya Potsdam, alikuwa mtu wa Leipzig, wa familia ya wachapishaji wa vitabu. Leipzig penyewe kuna makumbusho ya Grassi, unafika kwa tramu, na wao wenyewe wamekuwa wakizungumza hadharani juu ya vitu vilivyoletwa kwa njia hizo. Nenda, ila usiende peke yako. Nenda na mtu unayeweza kukaa naye kimya, na baadaye mkanywe kitu cha moto. Ukiona moyo unakataa, toka nje, hudaiwi kumaliza chumba chochote.

Hapa nakuomba ufanye jambo moja la ujasiri. Waalike wenzako. Wale wavulana wawili na yule dada, waambie siku ya Berlin unawaongoza wewe. Sidhani kama ni watu wabaya; wanakimbia, na kukimbia kwa pamoja ni rahisi kuliko kukaa. Yawezekana hata wao wakiulizwa Amsterdam waliona nini watataja choo cha kituo cha basi. Wakikataa, nenda na jirani wa korido, au uliza chuoni kuhusu ESN, mtandao wa wanafunzi wa kubadilishana. Wana matawi katika vyuo vingi na huandaa safari za siku moja kwa bei ya wanafunzi. Hakuna sheria kwamba Mtanzania Ulaya atembee na Watanzania tu.

Jumatatu yako ilinde. Kwa wiki hizi tisa jiwekee kwamba Jumapili saa mbili usiku uko chumbani kwako, umeoga, daftari liko mezani. Kikundi chako waombe radhi kwa mdomo kama bado hujafanya hivyo, na ujitolee kubeba sehemu nzito ya kazi inayofuata. Safari za siku moja zinakuwezesha; basi la usiku la Jumapili halikuwezeshi, na hili sitalilegeza.

Kuhusu yule mzee wa kwenye tramu, pole sana mwanangu. Hukukosea kuisikia sauti yake. Usikae karibu na mtu wa namna hiyo, hamia mbele kwa dereva, na mtu akikutisha piga 110, ndiyo polisi; gari la wagonjwa ni 112. Kabla ya kutoka mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na unarudi na treni ipi, na treni ya kurudi iangalie kabla hujaondoka, maana Jumapili huwa chache. Tembea mchana. Usimwachie mzee yule wikendi zako zote.

Siku ukivuka mpaka, hata kwa saa mbili, beba pasipoti yenyewe na kadi yenyewe ya ukaazi, pamoja na kadi ya bima. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na picha ya simu haimsaidii mtu, mwenzenu ameshalipia somo hilo. Kibali chako kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo, huko ni viza nyingine. Na kama viza uliyojia imeisha na kadi bado haijatoka, usivuke mpaka wowote kabla hujaiuliza ofisi ya wageni, kwa maandishi.

Ile 100 inayobaki igawe. Kama tiketi ya treni unayo tayari kwenye kadi ya mwanafunzi, 40 za kutembea, 60 usiziguse, kwa sababu meno huuma bila taarifa; kama itabidi uinunue, inunue mwezi mmoja tu, na kinachobaki mwezi huo usikiguse. Pika Jumamosi, chapati na mayai ya kuchemsha yanasafiri vizuri, jaza chupa ya maji bombani. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani yamefungwa, ya stesheni kubwa hubaki wazi lakini bei zake ni za mwenye shida. Makumbusho onyesha kitambulisho cha mwanafunzi kabla hujatoa pesa, na Jumatatu usiyategemee, mengi hufungwa. Pentekoste wenzako wakiwa Paris, Jumatatu yake nayo ni sikukuu, hivyo una siku tatu: Jumamosi Berlin kama wenzako wamekataa mwaliko wako (wakikubali, Berlin iwe wikendi watakayokuwepo), Jumapili Wittenberg, Jumatatu kulala na kusoma.

Lakini kabla ya hayo yote kuna Jumapili hii. Mtumie mwenzako ujumbe leo hii, usisubiri jioni: "Nitakuja kwa furaha, nikuletee bibi nini?" Atakujibu usilete kitu, na wewe utapeleka. Kifungue kile kifurushi cha mama. Kama kahawa haijasagwa, jikoni kwenu hamkosi mtu mwenye kinu. Itie nusu kwenye chupa safi ya kioo yenye kifuniko, ifunge kwa kipande cha kanga kama umebeba, na jifunze sentensi moja tu ya Kijerumani: hii imetoka kwenye shamba la mama yangu. Wakikuambia saa tisa alasiri, uwe getini saa tisa kamili, maana keki itakuwa imeshakatwa na bibi ameshakaa. Tramu ikichelewa mwandikie mwenzako ukiwa bado njiani. Akikutembeza bustanini shika majani, nusa, uliza jina la kila mmea. Nawe mwonyeshe picha ya kihamba chenu, migomba juu, mibuni chini yake, umwambie ni mibuni ipi iliyotoa kahawa anayokunywa.

Shangazi yako